Bakteria aliyenata haogopi dawa: tubandue kwanza, tuue baadaye

Mjadala wa maji safi Nairobi huishia karibu kila mara kwenye dawa: itiwe ipi, na kiasi gani. Kipindupindu kikibisha hodi, chupa za klorini zinagawiwa mitaani. Maziwa yakianza kuganda kabla ya saa sita mchana, muuzaji anaongeza jiki kwenye maji ya kuoshea vyombo. Mama akirudi zahanati kwa mara ya tatu na maambukizi ya njia ya mkojo, anaandikiwa antibiotiki kali kuliko ile ya mwanzo. Hatua hizo zina mahali pake, ila zote zinamchukulia bakteria kama kiumbe anayeelea peke yake majini akingoja kuuawa. Bakteria wengi wanaotutesa hawaelei. Wamenata kwenye ukuta wa tangi, kwenye viungio vya mabomba, kwenye mpira wa mkojo wa mgonjwa, kwenye ngozi ya ndani ya kibofu. Na bakteria aliyenata na kujijengea utando huvumilia dawa kuliko yule anayeelea, mara kumi kwa baadhi ya dawa na hata mara elfu moja kwa nyingine.

Hoja ninayoitetea ni kwamba tunatumia pesa nyingi kuua na jitihada kidogo mno kubandua, na mpangilio huo umekaa kichwa chini miguu juu. Ili kuona kwa nini, ni lazima kwanza tuelewe jinsi kunata kunavyofanyika.

Chombo kisafi kikiguswa na maji, maziwa au mkojo, ndani ya dakika chache uso wake hufunikwa na tabaka jembamba sana la protini, mafuta na mabaki mengine yaliyomo kwenye kioevu hicho. Kuanzia hapo bakteria hagusi tena plastiki wala chuma, anagusa tabaka hilo. Mwanzoni anajishikiza kwa nguvu hafifu, na mkondo mdogo tu unaweza kumwondoa. Kisha zinaingia kazini protini zake za kunatia, ambazo wanasayansi huziita adhesini. Baadhi ziko kwenye ncha za vinyweleo vyembamba vinavyochomoza kwenye seli, nyingine zimepandwa moja kwa moja kwenye ukuta wake. Kila aina ina umbo la kushika kitu mahususi: sukari fulani, protini fulani ya damu, au uso wowote usiopatana na maji.

Akishashika vizuri, bakteria anabadilisha kazi. Ndani ya seli, molekuli ya ishara iitwayo c-di-GMP huongezeka, mkia wa kuogelea unasimama, na seli inaanza kutoa gundi ya sukari, protini na nyuzi za DNA. Huo ndio utando wenyewe, ule utelezi tunaousikia kwa kidole. Pseudomonas fluorescens, bakteria wa majini na udongoni ambaye pia huharibu maziwa yaliyowekwa kwenye baridi, hujishikiza kwa protini kubwa mno inayoitwa LapA. Fosfeti, mojawapo ya virutubisho vyake, ikiadimika, c-di-GMP hushuka, na kimeng'enya kiitwacho LapG huikata LapA karibu na mzizi wake. Bakteria anaachia na kwenda kutafuta makao mengine. Kwa hiyo utando hauko pale ukutani umelala. Unamwaga wakazi wake majini kila hali inapobadilika, na maji yaliyotiwa dawa Jumatatu yanaweza kuwa na bakteria tena kabla ya wiki kwisha, bila uchafu mpya wowote kuingia.

Protini moja inastahili kutazamwa kwa karibu zaidi. Inaitwa FimH, na iko kwenye ncha ya vinyweleo vya Escherichia coli, bakteria anayesababisha takriban robo tatu ya maambukizi ya kawaida ya njia ya mkojo. FimH hushika sukari iitwayo manosi, ambayo imepachikwa kwenye protini zinazofunika ukuta wa kibofu. Ina sehemu mbili, moja ya kushika sukari na nyingine ya kuunganisha ile ya kwanza na kinyweleo. Sehemu hizo zikiwa zimegusana, mfuko wa sukari hubaki umelegea na kuachia haraka. Zikivutwa zikaachana, mfuko hujifunga na kubana. Mwaka 2002 kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, akiwemo Wendy Thomas na Evgeni Sokurenko, lilionyesha matokeo yake: mkondo unapoongezeka, bakteria hawa hushika zaidi badala ya kung'oka, hadi nguvu ifikie kiwango fulani. Mkondo ukitulia, wanalegea na kusogea. Kinyweleo chenyewe kimejisokota, na kikivutwa kinajikunjua na kurefuka mara kadhaa, hivyo mvuto wa ghafla hauifikii FimH wote kwa pamoja.

Si kila adhesini inafanya hivyo, lakini funzo la vitendo ni pana. Kusuuza kwa mkondo mpole hakubandui kitu kilichoumbwa kustahimili mkondo. Kinachobandua ni msuguano wa moja kwa moja, yaani nywele za brashi zinazopita juu ya uso, pamoja na sabuni ya kulegeza gundi.

Sasa tuchukue mtungi wa lita 20, kwa sababu ndimo maji ya kunywa ya familia nyingi za Mukuru, Kayole na Pipeline yanamolala usiku. Mtungi wa kimo cha sentimita 35 na upana wa sentimita 25 kila upande una ukuta wa ndani wa karibu sentimita mraba 4,750. Gawanya kwa lita 20, unapata kama 240 kwa kila lita. Tangi la lita 1,000 lenye kipenyo cha mita moja lina takriban 55 kwa lita. Yaani lita moja ya maji ndani ya mtungi inagusana na ukuta mara nne zaidi ya lita ileile ikiwa ndani ya tangi. Ukuta ukiwa na utando, klorini inaliwa kwa kiasi hichohicho. Kampeni zetu zinasisitiza kipimo cha dawa na kulisahau jambo hili kabisa.

Kipimo chenyewe hakina utata. Klorini ya nyumbani yenye nguvu ya asilimia 1.25 ina miligramu 12,500 kwa lita. Ili maji yasiyo na mawingu yapate miligramu 2 kwa lita, mtungi wa lita 20 unahitaji mililita 3.2, ndiyo maana maelekezo husema kifuniko kimoja. Maji yenye tope jepesi yanahitaji mara mbili. Baada ya dakika 30 klorini huru, yaani ile ambayo bado haijatumika, iwe angalau miligramu 0.5 kwa lita, na maji yakishalala siku nzima isishuke chini ya 0.2. Katika mtungi wenye utelezi hesabu hiyo inavurugika, kwa kuwa klorini inaungana na gundi ya utando kwa kasi kuliko inavyosafiri ndani yake. Tabaka la juu linaungua, la chini linapona, na dawa iliyokusudiwa maji inaishia ukutani. Mtu anatia kifuniko kila siku kwa uaminifu, na bado mtoto anaharisha. Akiacha kuiamini dawa hiyo, ni vigumu kumlaumu.

Na tunaoshaje? Desturi ya mitaani ni kutia mchanga au changarawe na maji kidogo, kisha kutikisa. Inabandua kweli, maana msuguano upo. Ubaya ni kwamba plastiki ya mtungi ni laini. Mkwaruzo wa upana wa mikroni 20 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) ni bonde refu kwa bakteria wa mikroni moja au mbili, na unywele wa brashi haufiki humo. Kila osho la mchanga linafanya osho linalofuata kuwa gumu zaidi. Halafu kuna mpini. Mitungi mingi ina mpini ulio wazi kwa ndani, mfereji ambao brashi haiingii na mchanga hupita bila kugusa pande zote. Mulika kwa tochi ya simu kupitia mdomoni, huku mtungi umeinamishwa, na mara nyingi rangi ya kijani au kahawia itaonekana hapohapo penye mpini kabla ya kuonekana kwingine.

Njia bora ni brashi ya nailoni yenye mpini mrefu uliopinda, maji ya uvuguvugu na sabuni. Kwa mfereji wa mpini, tia nusu lita ya maji ya sabuni pamoja na vipande kadhaa vya kitambaa cha pamba, geuza mpini uwe chini, tikisa kwa dakika mbili, kisha toa vipande vyote. Suuza hadi povu liishe, kwa maana sabuni iliyobaki nayo inakula klorini. Ndipo utie dawa, na mwishowe uinamishe mtungi ukauke, kwa sababu utando hauwezi kukua pasipo unyevu. Mara moja kwa wiki inatosha. Mtungi ambao ndani yake umeshakuwa wa kukwaruza kama msasa uhamishiwe kwenye maji ya kudeki. Ukinunua chombo kipya, tafuta kisicho na mpini wa mfereji. Mdomo mpana unaruhusu mkono kusugua, lakini unaruhusu pia kikombe na vidole vya kila mtu, kwa hiyo usiukubali bila kifuniko kinachobana na bomba dogo chini.

Tangi la juu ya paa lina shida zake. Ndani yake kuna mahali patatu panapoanza kunata mapema: mstari wa juu wa maji, ambako ukuta hulowa na kukauka, boya na nyuzi za skrubu za valvu yake, na matope ya chini, chini kidogo ya tundu la kutolea maji. Tangi jeusi ni afadhali kuliko jeupe linalopitisha mwanga, maana mwani hauoti gizani na bakteria wanakosa chakula hicho.

Kulisafisha kunafuata mpangilio usiopaswa kuvurugwa. Funga maji yanayoingia, tumia yaliyomo hadi yafike kwenye tundu, kisha nyonya matope kwa mpira ukiyatoa nje, usiyaache yashuke kwenye mabomba ya nyumba. Sugua kuta, boya na kifuniko kwa brashi ngumu ya nailoni na sabuni, pasipo stilwulu wala mchanga. Suuza, toa maji machafu, suuza tena. Sasa tu ndipo dawa iingie. Kwa tangi la lita 1,000 tunataka miligramu 50 za klorini kwa lita, yaani gramu 50 kwa jumla. Jiki yenye asilimia 3.5 ina takriban gramu 35 kwa lita, kwa hiyo lita moja na nusu hivi inatosha. Ukitumia klorini ya unga yenye asilimia 70, pima gramu 71 na uikoroge kwanza kwenye ndoo. Jaza tangi, fungua kila bomba la nyumba hadi harufu ya klorini itoke, funga, acha saa 24. Maji hayo si ya kunywa wala ya kupikia. Mwaga, jaza upya, na fungulia mabomba hadi harufu kali iishe. Jiki isichanganywe na dawa ya choo yenye asidi wala na kitu chenye amonia, kwani gesi inayotoka huumiza mapafu vibaya. Na kwa matangi ya chini ya ardhi ya maghorofa, mtu asiingie peke yake: yafunguliwe mapema yapate hewa, na mwenzake abaki juu akiwa ameshika kamba. Watu hufa ndani ya matangi kama hayo kwa kukosa oksijeni.

Wengi huruka hatua ya kusugua. Wanamimina jiki kwenye tangi lenye maji, wanasubiri kidogo, wanaita hiyo kazi imekwisha. Wamelipia klorini ya kulisha utando.

Mgao wa maji unaongeza uzito wa jambo hili. Maji ya mabwawa ya Ndakaini na Sasumua huondoka kwenye mitambo yakiwa yametibiwa, lakini bomba la mtaa linaloletewa maji siku chache kwa wiki linaishi maisha mawili. Likiwa tupu, presha hushuka na maji machafu ya nje yanaweza kupenya kwenye nyufa. Maji yanaporudi kwa kishindo, mvuto wake unazidi kiwango ambacho utando unaweza kustahimili, na vipande vya utando vinang'oka pamoja na kutu na matope. Ndiyo yale maji ya kahawia ya dakika za kwanza. Watu huyakinga haraka kwa hofu kwamba maji yatakatika tena, na hofu hiyo naielewa. Lakini yaelekezwe kwenye ndoo ya choo au ya kudeki, na tangi lifunguliwe tu maji yakishakuwa maangavu. Vipande vya utando vina bakteria walio tayari kunata upya, wakiwa bado wamefunikwa na gundi yao.

Biashara ya maziwa inafundisha jambo jingine, kwamba joto likitumika vibaya linasaidia kunata. Mtu akimaliza kuuza, humwaga maji yanayochemka kwenye chombo akidhani anaua kila kitu. Protini za maziwa zikipata joto hilo kabla ya kusuuzwa hubadilika umbo na kushikamana na ukuta, na juu yake madini ya maziwa hujijenga kuwa ganda jeupe. Bakteria hupata makao yaliyoandaliwa. Suuza kwanza kwa maji ya uvuguvugu, kama nyuzi 35 hadi 45, mara tu chombo kinapokuwa kitupu. Kisha brashi na sabuni ya alkali kwa maji ya moto ambayo mkono wenye glavu unayavumilia. Mara moja kwa wiki tumia asidi ya kuoshea vyombo vya maziwa, iondoe lile ganda jeupe. Maji yanayochemka au klorini yanakuja mwisho. Kwa miligramu 200 kwa lita, jiki ya asilimia 3.5 inahitajika mililita 57 kwa lita 10 za maji. Kausha kwa kuinamisha, si kwa kitambaa.

Kuna imani kwamba chuma kisichoshika kutu kinamaliza tatizo hili. Hakimalizi. Mbegu ngumu za Bacillus cereus hunata kwenye chuma hicho vizuri kabisa. Faida yake ni kwamba kinastahimili brashi, asidi na joto bila kukwaruzika haraka, kwa hiyo kinabaki rahisi kusafishwa mwaka baada ya mwaka. Muuzaji aliyenunua mkebe wa chuma akaacha kusugua amelipa bei ya chuma akapata matokeo ya plastiki. Mashine za kuuzia maziwa madukani zifikiriwe hivyohivyo: ndani yake kuna mabomba membamba yasiyofikiwa na brashi, na maji ya kusafishia humo yanapaswa kwenda kwa kasi, mita 1.5 kwa sekunde ndiyo kawaida ya viwandani. Kuzungusha maji polepole ni kuyalowesha tu.

Turudi mwilini. Mgonjwa akiwekewa mpira wa mkojo, hatari ya bakteria kukaa kwenye mkojo wake huongezeka kwa kati ya asilimia 3 na 7 kwa kila siku mpira unapobaki. Mwili wenyewe huchangia: kibofu kinachochubuliwa na mpira hutoa fibrinojeni, protini ya kugandisha damu, ambayo inaupaka mpira. Enterococcus faecalis ana adhesini iitwayo EbpA inayoshika fibrinojeni hiyo. Hapo ndipo ninapotilia shaka ahadi za mipira iliyopakwa fedha au dawa. Mpako unafunikwa na protini za mgonjwa upesi, na jaribio kubwa la hospitali za Uingereza lililochapishwa 2012 halikuona faida ya maana kwa mpira uliopakwa fedha. Kinachofanya kazi hakina bei: muuguzi aulize kila asubuhi kama mpira huo bado unahitajika, na usipohitajika utolewe siku hiyohiyo. Wodi yenye utaratibu huo inazuia kunata, na inaokoa antibiotiki kwa wanaozihitaji kweli.

Kwa mwanamke anayepata maambukizi ya kibofu mara kwa mara, wazo la kuihadaa FimH kwa manosi ya unga lilivutia sana, na vikopo vyake vinauzwa. Nadharia ni nzuri: bakteria ashike sukari inayoelea badala ya ukuta. Lakini jaribio la Uingereza la wanawake 598, lililochapishwa 2024, halikukuta kuwa kuitumia kila siku kunapunguza maambukizi kuliko unga usio na dawa. Bidhaa za kranberi zina ushahidi bora kidogo, kwa kundi hilo la wanawake. Na maji ya kunywa yana ushahidi mzuri: mwaka 2018 jaribio la wanawake 140 waliokuwa wakinywa maji kidogo lilionyesha kwamba walioongeza lita moja na nusu kwa siku walipata maambukizi kwa wastani wa 1.7 kwa mwaka, dhidi ya 3.2 kwa wasioongeza. FimH hushika wakati wa mvuto na kulegea mkojo ukitulia, kwa hiyo inaelekea kwamba kukojoa mara nyingi kunawakuta bakteria wengi ambao hawajajikita. Kwangu mimi, pesa ya kikopo cha manosi ni afadhali inunue maji safi. Aliye na homa, maumivu ya mgongo au mimba asingojee maji wala kranberi. Aende kituo cha afya.

Chanjo nazo zinaweza kulenga kunata, na wafugaji wameshafaidika kwa hilo. Nguruwe jike huchanjwa akiwa na mimba dhidi ya vinyweleo vya E. coli vya aina ya F4 na F5. Watoto wake wakinyonya maziwa ya kwanza, kingamwili hufunika vinyweleo hivyo, na bakteria hupita utumboni bila kushika. Kwa binadamu mambo ni magumu zaidi. Chembe nyekundu ya damu yenye kimelea cha malaria hunata kwenye mishipa kwa protini ya PfEMP1, na kimelea kina jeni takriban 60 za kutengeneza aina tofauti za protini hiyo, akibadilisha moja kwa nyingine. Utafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, ndio uliosaidia kuonyesha kwamba kinga ya mtoto hujengeka aina kwa aina.

Kipindupindu kinafaa kutajwa hapa kwa sababu nyingine. Mlipuko wa 2017 haukubaki mitaa ya mabanda, uliwafikia hata wageni wa mikutano katika hoteli za hadhi. Vibrio cholerae ana protini iitwayo GbpA, inayoshika sukari ya kitini kwenye magamba ya vidudu vidogo vya majini, na sukari ya namna hiyo imo pia kwenye ute wa utumbo. Mtafiti Rita Colwell na wenzake walitumia kunata huko dhidi ya bakteria mwenyewe: vijijini Bangladesh, maji ya mabwawa yalichujwa kwa sari kuukuu ya pamba iliyokunjwa mara nne, na matokeo yaliyotolewa 2003 yalionyesha visa vya kipindupindu vikipungua kwa asilimia 48. Kitambaa hakimzuii bakteria anayeelea, kwani matundu yake ni ya mikroni 20 hivi. Kinamzuia aliyenata kwenye kidudu. Kwa maji ya bomba mbinu hiyo haina maana kubwa. Kwa anayechota mtoni au bwawani ina maana, na klorini bado itiwe baada ya kuchuja.

Si kila kunata ni adui. Kichujio cha mchanga cha nyumbani kinafanya kazi kwa sababu ya tabaka hai linalonata juu ya mchanga, na tabaka hilo huchukua hadi siku 30 kukomaa. Anayemimina humo maji yenye klorini anaua kichujio chake. Dawa iende kwenye maji yanayotoka, kamwe isiende kwenye yanayoingia.

Kwa hayo yote, ninachotaka kaunti ifanye ni kidogo na kinapimika. Mkaguzi wa afya ya umma anapofika kwenye ghorofa la kupangisha, asiridhike na risiti ya klorini. Apitishe kitambaa cheupe kwenye ukuta wa tangi, chini ya mstari wa maji, aone kama kinatoka na utelezi. Apime klorini kwenye bomba lililo mbali zaidi na tangi, kwa kipimo cha vidonge kinachogeuka waridi. Tarehe ya kusuguliwa mara ya mwisho iandikwe kwa rangi kwenye tangi lenyewe, mahali ambapo wapangaji wanaiona, na isizidi miezi sita. Gharama iwe ya mwenye nyumba, kwa kuwa tangi ni sehemu ya jengo kama lilivyo paa. Na kazi ipangwe siku moja au mbili kabla ya zamu ya maji ya mtaa huo, tangi likiwa karibu tupu, ili kusiwe na maji mengi ya kumwaga na yale ya klorini yaliyolala saa 24 yapate maji mapya ya kuyafuata.